Wimbo Haukuwa Wako

"We dada, sikiliza! Mumeo huyo redioni!"

Mwenzake wa meza ya pili, yule waliyembandika jina la Kiherehere, alikuwa ameshaikimbilia redio na kuiongeza sauti. Chumba kizima cha kupigia pasi kikanyamaza, mvuke tu ukifuka juu ya mashuka ya hoteli.

Mke wa Vidole akatabasamu. Jina hilo mumewe alipewa na wanamuziki wenzake, na siku hizi hata watangazaji walimwita hivyo hivyo: Vidole, mpiga piano anayechanganya jazi na kwaya na ngoma za harusi, na mchanganyiko ukakubali.

"Kibao chako kipya kimeshika jiji zima," mtangazaji alisema. "Hebu tukisikie kidogo."

Piano ikaanza. Sauti nne zikipanda taratibu, moja ikishuka.

Pasi ikamganda mkononi.

"Dada, unaunguza shuka!"

Hakusikia. Wimbo ule alikuwa ameutunga yeye, bila hata kujua kwamba anatunga, akiwa ameinama juu ya kitanda cha kioo hospitalini, akimwimbia mwanawe aliyezaliwa kabla ya siku zake. Haukuwa na maneno. Mtoto aliishi siku kumi na moja. Tangu wamzike, mwaka wa pili sasa, hakuthubutu kuuimba tena hata akiwa jikoni peke yake.

"Ulitoka wapi wimbo huu?" mtangazaji akauliza.

"Ulinijia tu," Vidole akajibu kwa ile sauti yake ya upole. "Nilikuwa safarini, hotelini, peke yangu, asubuhi moja. Nikakaa kwenye piano, ukaja."

"Shemeji ana kipaji jamani!" Kiherehere akapiga makofi. "Mimi nikikaa peke yangu hunijia usingizi tu."

Wote wakacheka. Mke wa Vidole akachomoa pasi, akavua aproni, akatoka bila kuaga mtu.

Alipofika kwa dada yake mkubwa simu ilikuwa imeshaita mara tatu. Ya nne akapokea.

"Mke wangu, umenisikia redioni? Kesho asubuhi nasaini! Ziara ya nchi sita, na wanasema wimbo ule ndio uliowavuta..."

"Ulikuwa peke yako?"

"Lini?"

"Nakuuliza. Asubuhi ile hotelini, ulikuwa peke yako?"

"Tafadhali, tusianze..."

"Nilikupigia simu. Nikaiweka karibu na kitanda umsikie anavyohema. Ukaniambia nisikate, niendelee kumwimbia. Sasa aliyekuwa peke yake ni nani?"

"Ningemwambia nini yule mtangazaji? Kwamba mwanangu alikuwa anakufa na mimi niko kwenye maonyesho?"

"Ungemwambia hivyo hivyo."

Akakata. Dada mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akaketi pembeni yake.

"Mdogo wangu, mimi si wa kukwambia urudi. Ila unalia hapa kwangu, na mwenye kosa hayaoni machozi haya. Kamwambie usoni."

Asubuhi iliyofuata ukaingia ujumbe: "Sijasaini. Nimewaambia wimbo ni wako. Niko ukumbi wa mazoezi. Usipokuja nitaelewa."

Alimkuta ameketi kwenye benchi la piano, ameipa piano mgongo. Viti vilikuwa bado vimepandishwa juu ya meza.

"Meneja anasemaje?" akauliza akiwa bado mlangoni.

"Kwamba nimerukwa na akili. Nimemwambia bila ruhusa yako haupigwi popote. Waandaaji wanasubiri."

"Kwa nini hukuja?"

Vidole alijua haulizwi habari za jana.

"Niliogopa. Kila siku nilijiambia, nipige onyesho moja lililobaki, halafu naondoka. Nilikuwa napiga ili nisifikirie. Nikaja mmeshazika. Mpaka leo sijaweza kupita ile njia ya makaburini."

"Najua. Huwa unazungukia sokoni."

Akainamisha kichwa.

"Upige," mkewe akasema.

"Nini?"

"Wimbo. Wote. Nataka kujua umemfanya nini mwanangu."

Akageuka, akapiga. Mwanzo ulikuwa wake mkewe, haujaguswa. Kisha sauti za kwaya zikaingia chini yake, mkono wa kushoto ukaleta ngoma, na muziki ukapanda, ukachangamka, ukawa wa kushangiliwa.

"Hapo. Huo mwisho umeutoa wapi?"

"Nimetunga. Simu ilikatika, sikujua ulivyoisha."

"Haukuisha. Nesi aliingia, akanishika bega, nikanyamaza."

Mikono ya Vidole ikabaki juu ya piano. Yule mwanamume ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimlilia mtoto yule, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mkewe akaketi kwenye benchi, si karibu sana.

"Usiufute," akasema hatimaye. "Zaidi yangu na manesi hakuna aliyemjua. Acha watu wamsikie. Ila ukomee pale nilipokomea mimi. Jina langu liandikwe. Na ukiulizwa ulikuwa wapi, useme."

"Nitasema."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Na sijui zitaisha lini."

"Nitakuwepo."

Simu ikaita, ni meneja. Vidole akampa jibu kwa maneno machache, jina la mkewe kwanza, akaizima. Kisha akasimama.

"Nipeleke kwake. Hata upande wenyewe siujui."

Mkewe akachukua mkoba wake.

Hawakuzungukia sokoni. Walipita lango la makaburi, wakafuata ukuta mpaka karibu na mwisho, penye kaburi dogo lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Hapo mkewe akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ndiye huyu," akasema. "Na huyu ni baba yako."