Mto Niliouchora kwa Kubuni

Jumatatu nilifagia uwanja mara mbili bila kutumwa. "Yewe Elieth, unaumwa?" Mama akaniuliza. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na ramani.

Mwalimu Lukmani, anayetufundisha jiografia hapa Kasulu, aliniazima atlasi pekee ya shule nichore kona ya Ulaya ya kati ambapo Ujerumani, Polandi na Cheki zinakutana. Jumapili niliifungua karibu na jiko. Maharage yakafurika, mchuzi ukamwagikia kona ileile. Kufuta tu, karatasi ikachanika. Balaa gani hii!

Nikawaza: mpaka si ni mto? Huku kwetu Malagarasi si ndio unatutenga na Burundi? Basi nikapitisha mto wa buluu kati ya nchi zote tatu, ukapendeza kwelikweli. Atlasi nikairudisha kabatini shuleni kimyakimya.

Darasani Mwalimu akaisifu kazi yangu. Akamwambia rafiki yangu Recho, fundi wetu wa kuchora, "Ihamishie ukutani kwa rangi. Wadogo zenu wataisoma hapo miaka mingi."

Miaka mingi! Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Recho akachovya brashi kwenye buluu. Nikamwona akilini mdogo wangu Isack, wa darasa la pili, siku moja akiunakili uongo wangu kwenye daftari lake.

"Recho, acha!" Nilipiga kelele hadi brashi ikamdondoka. "Shikamoo Mwalimu," nikasema, ingawa tulishamwamkia asubuhi. "Huo mto nimeubuni. Atlasi niliimwagia mchuzi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliifungua atlasi, akatazama lile tundu, nami nikaanza kulia.

"Shule moja ya Heru Juu wanayo kama hii," akasema. "Kesho baada ya masomo nenda na mama yako, ukanakili upya."

Tulikwenda kwa miguu, Mama akinisema njia nzima. Huko nikaona kwamba Mto Nisa unatenga Ujerumani na Polandi tu. Kuelekea Cheki, mpaka unapita nchi kavu na kupanda milima.

Ijumaa Recho alipomaliza kupaka ramani mpya ukutani, Mwalimu aliniita mbele. "Mchuzi ulikuwa ajali, Elieth, nisingekuchapa. Kosa ni kuficha, kisha kujaza usichokijua. Ukiharibu, sema. Usipojua, uliza. Wengine wanakuamini."

Isack akachungulia dirishani. "Dada, huo mto ni wa kweli?"

"Wa kweli," nikamjibu, nikimtazama usoni.