Viatu Vyekundu vya Rasha

Tone la maji ya baridi lilimdondokea Thuwaiba begani, juu ya buibui jipya lililotariziwa uzi wa rangi ya damu ya mzee. Likafuata la pili. Duka la vitu vya watoto la Mchangani lilikuwa limejaa wanawake hadi mlangoni, na yeye alikuwa amembeba binti yake Rasha ubavuni, mkononi kashika kisanduku cha bangili.

"Samahani, dada yangu," ilisema sauti kutoka juu. "Kiyoyozi hiki hakina adabu."

Aliinua uso. Juu ya ngazi alisimama fundi mrefu mwenye shati la kazi na bisibisi nyuma ya sikio.

"Kiyoyozi hakina adabu, au fundi wake?"

"Wote wawili. Mtoto anatimiza miaka mingapi?"

"Mmoja, mwezi ujao. Na wewe yakuhusu nini?"

"Nusu saa nakuona unazigeuza bangili. Mtoto wa mwaka bangili atazitafuna tu. Yeye anataka makelele." Alishuka, akatwaa rafuni viatu vidogo vyekundu, akabonyeza soli ya kimoja kwa kidole gumba. *Pii!*

Rasha alicheka mpaka mate yakamtoka. Thuwaiba naye akacheka, na ilikuwa zamani hajacheka mbele za watu.

"Mama yangu atavitupa dirishani hivyo," alisema, akavirudisha. Viatu hakununua, lakini aliondoka na namba ya fundi Haroub, ati kwa sababu kiyoyozi cha ofisini kwake Malindi, anakokatia watu tiketi za boti, nacho kinavuja. Kilikuwa hakivuji hata kidogo.

Baada ya wiki mbili simu ililia kila magharibi.

"Bi Thuwaiba, mgonjwa wangu wa ofisini hajambo?"

"Hajapata nafuu."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe ndo kabisa."

"Basi dawa n'nayo, laazizi. Nambie nije kwenu nijitambulishe kama watu."

"Ngoja bathdei ipite. Kaka yangu ana maneno."

Maneno ya kaka yake yalikuwa na jina, Badar. Huyu ndiye baba wa Rasha. Alimwacha Thuwaiba akiwa na mimba ya miezi saba, kwa ujumbe wa simu, na hata salamu hakuandika. Eda iliisha siku alipozaliwa mtoto. Sasa biashara zake zilikuwa zimemnyookea, akakumbuka kwamba ana mke, kama mtu anayekumbuka mwavuli aliousahau msikitini. Kumrejea hakuweza tena bila ya posa na ndoa mpya, na posa akaipeleka kwa Nasser, kaka mkubwa, ambaye tangu baba yao afariki ndiye walii wa dada yake, mwenye haki ya kumwozesha. Nasser alifurahi. Badar ni wa ukoo wao, watu wa Oman tangu mababu. Huyo Haroub aliyekuwa akimsikiasikia ni mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja kuchuma karafuu.

Jumatatu, Nasser alimwita dada yake ukumbini.

"Badar kakuposa. Wasemaje?"

Thuwaiba alikasirika, asijibu. Aliweka kikombe chini, akatoka. Nasser akaitikia kwa kichwa, karidhika.

Jumanne, Haroub alishindwa kungoja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya mkono, akaenda nyumbani kwa kina Thuwaiba na boksi kwapani. Nasser alimpokea barazani, wala hakumkaribisha ndani.

"Umechelewa, fundi. Kaposwa, na keshakubali."

"Kakubali mwenyewe?"

"Nimemuuliza, kanyamaza. Wewe Muislamu, wajua maana yake."

Haroub alijua. Nani mjini hapa asiyejua kwamba bibi harusi akinyamaza ameridhia? Aliliweka boksi kizingitini. "Hivi ni vya mtoto," alisema, akaondoka. Tangu saa ile simu ya Thuwaiba hakuipokea tena. Mwanamume mzima, anayepanda paa za hoteli bila ya woga, akaogopa kuuliza swali moja!

Thuwaiba alipiga siku tano. "Keshachoka na mimi na mtoto wangu," alijiambia akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi na aende!" Kisha akapiga tena.

Jumapili baada ya alasiri nyumba ilijaa watu wa bathdei ya Rasha. Udi ulifuka, keki ya waridi ikawekwa mezani, na Bi Salhiya, mama yake Thuwaiba, akakaa kwenye kochi na Rasha mapajani. Badar aliingia na miwani ya jua, akafungua kisanduku cha mahameli. Ndani mlikuwa na mkufu wa mtoto na, pembeni yake, pete ya mtu mzima.

Thuwaiba alikwenda kabatini kuchukua sahani. Nyuma ya sahani kulikuwa na boksi la duka la Mchangani. Alilifungua, akavitoa vile viatu vyekundu.

"Kaka, hivi vimekuja lini?"

"Jumanne. Yule fundi wako. Nilimwambia umeshakubali."

"Nani kakubali?"

"Nilikuuliza, ukanyamaza!"

Thuwaiba alisimama katikati, viatu mkononi, na safari hii maneno yalikuja yote.

"Kunyamaza kunamtosha mwari, kaka, kwa kuwa yeye anaona haya. Mie si mwari. Nshaolewa, nshaachwa, nshazaa. Mwanamke kama mie husubiriwa aseme kwa ulimi wake, na kwenye chuo cha Kurani tulisomeshwa pamoja hayo. Basi nasema. Badar simtaki!"

"Wanidhalilisha mbele ya watu," alisema Badar.

"Mkufu wa mwanao uache, ni haki yake. Pete rudi nayo. Mimi simo ndani ya zawadi."

Akatoa simu, akaweka spika, akapiga. Iliita mara nyingi, hata Bi Salhiya akashusha pumzi. Mara ikapokelewa.

"Thuwaiba?"

"Uko wapi?"

"Kiembe Samaki. Niko juu ya ngazi."

"Shuka. Wewe fundi gani, ukiambiwa mashine imekufa waondoka bila ya kuifungua? Sijamkubali mtu. Waniposa, huniposi?"

Kulisikika kitu kizito kikianguka sakafuni. "Nakuposa! Wallahi nakuposa, roho yangu!"

"Lete wazee wako Ijumaa. Jibu langu ndiyo, na limesikiwa na ukumbi mzima. Kaka akikataa kutuozesha, kadhi yupo."

"Hutokwenda kwa kadhi wakati mimi ni hai!" Nasser alifoka.

"Basi niozeshe wewe."

Hakungoja jibu. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamvisha Rasha viatu, kisha akaenda kusimama upande wa pili wa ukumbi. Mtoto aliteleza kutoka mapajani, akashika ukingo wa meza. Akauachia. *Pii.* Alishtuka, akaitazama miguu yake. *Pii, pii.* Hapo kabla hakuwa amekwenda hata hatua moja peke yake.

Alipita mbele ya Badar, akasita kwa Nasser, aliyekuwa amesimama kati ya mtoto na Thuwaiba.

"Nasser," alisema Bi Salhiya, "mpishe mtoto."

Nasser alimtazama mama yake, akamtazama dada yake. Akasogea.