Verlene Aweka Alama Mbili

Verlene na mumewe Cleophus waliishi Cleveland, Marekani. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha majiko. Cleophus alikuwa kwenye mashine kwa miaka kumi na miwili. Verlene alikuwa na miaka mitatu tu kazini, kwa maana kabla ya hapo kiwanda hakikuajiri mwanamke mweusi hata mmoja.

Mwaka 1974 kazi ilipungua, na walioajiriwa mwisho wakaachishwa kwanza. Wanawake weusi wote tisa wakaachishwa. Verlene aliumia. Aliipenda kazi ile kuliko kusugua sakafu za watu.

Akaenda ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi. Fomu ilimtaka aweke alama kuonyesha amebaguliwa kwa nini: kwa rangi, au kwa kuwa mwanamke.

"Weka alama kwenye rangi," Cleophus alimshauri. "Mambo ya wanawake yatasubiri."

Jibu likaja: kiwanda hakibagui weusi, kwani kinaye Cleophus.

Verlene aliisoma barua mara mbili, kisha akamtazama mumewe. "Haya baba, hongera. Umekuwa ushahidi."

Cleophus aliona aibu. "Basi weka kwenye mwanamke."

"Ofisi ya kiwanda imejaa makarani wa kike wa kizungu. Si watanijibu hivyo hivyo?"

Jumamosi hiyo jirani yao Bi Odessa, mwalimu mstaafu, alikuja kula samaki. Akaisoma ile barua.

"Weka zote mbili," alisema. "Uliachishwa kwa kuwa wewe ni mwanamke mweusi. Hukuachishwa nusu nusu."

"Hayo ni maneno ya wasichana wa siku hizi," Cleophus alisema.

"Wasichana gani? Bibi yangu alizaliwa utumwani. Alilima sawa na wanaume, kisha akanyonyesha mtoto wa bwana. Wanawake wa enzi yake ndio walioanza kuyasema haya. Wanawake wa kizungu waliodai haki ya kupiga kura waliwaambia wakae nyuma. Wanaume wetu nao wakawaambia wakapike. Basi wanawake hao wakaunda vyama vyao, wakajenga shule. Mimi nilisomea humo. Walitufundisha kwamba aliye chini kabisa akiinuka, wote walio juu yake wanainuka naye."

"Kwa hiyo mimi nimemkalia mke wangu?"

"Kula samaki, mwanangu. Jibu unalo."

Verlene akajaza fomu upya kwa alama zote mbili, pamoja na wenzake wanane. Siku ya kusikilizwa, wakili wa kiwanda akamtaja tena Cleophus. Cleophus alikuwa ukumbini. Alijua kwamba akifungua mdomo anaweza kufukuzwa yeye pia. Aliogopa sana, lakini akasimama.

"Mimi ni mweusi, kweli," alisema. "Lakini mimi si mke wangu. Kazi mliyonipa mimi miaka kumi na miwili iliyopita, yeye asingepewa."

Msikilizaji wa kesi akaacha kuandika. Akamwomba ayarudie maneno hayo polepole.

Baada ya miezi minne wanawake wote tisa walirudishwa kazini, na miaka yao ya nyuma ya kazi ikahesabiwa. Verlene aliimba wiki nzima. Sauti hana, lakini hakuna aliyelalamika.

Habari zikaenea. Jumapili moja baada ya ibada, wanawake wawili wa kiwanda cha matairi walibisha hodi wakiwa na fomu zao. Cleophus ndiye aliyefungua mlango.

"Tumeambiwa hapa kuna mtu anayejua," mmoja alisema.

"Yupo. Ni mke wangu," Cleophus alijibu, akawavutia viti. "Mimi nimo darasani bado."