Kibao Chekundu

Kila jioni Diane aliteka maji bombani, akabandika maharage jikoni, kisha akakimbilia uwanja wa shule, mtaani Mbugangari, kufanya mazoezi ya ngoma ya kusifu ng'ombe. Mwalimu Mukamurenzi, aliyekulia Tanzania, hakuuonea huruma mkono uliolegea.

"Inua," aliwaambia wasichana wake. "Hizo ni pembe za ng'ombe. Umeona wapi pembe zilizolala?"

Mwaka huo wa 1999, hoteli moja kando ya ziwa ilifunguliwa tena, na mwenye hoteli akaleta mtindo wa kula aliouona Brazili. Wahudumu walizunguka na nyama kwenye vyuma virefu kama fimbo za wachungaji, wakimkatia kila mgeni. Mezani palikuwa na kibao: upande wa kijani, nyama inaletwa, upande mwekundu, imetosha. Meneja Théoneste aliwaita wasichana wacheze Jumamosi. Wakimaliza, alisema, watakaa mezani na kula kama wageni. Diane aliiwaza nyama hiyo wiki nzima. Kwao nyama ilionekana Noeli tu.

Jumamosi walicheza, Mwalimu akiwasimamia, jasho likawatoka. Walipofika kwenye meza yao, kibao kilikuwa chekundu. Diane alinyoosha mkono akigeuze. Théoneste akaudaka.

"We, acha. Hii ni ya wageni. Yenu iko kule nyuma."

Nyuma ya jiko kulikuwa na beseni. Ndani yake mlikuwa na mifupa, mafuta yaliyotafunwa yakatemwa, na karatasi iliyofutiwa rangi ya mdomo.

"Mulisema mezani," Diane alisema.

"Bon, mutoto anajua kudai. Ni hiyo munafundishwa kwa masomo? Mukule, ama muache. Kiisha mucheze tena, wageni wanangoja."

Diane alitamani kulipiga beseni teke, lichukuliwe na ziwa.

"Mwalimu," alisema, "ngoma ikiisha, mikono yangu haitashuka."

Mukamurenzi alilitazama beseni, akamtazama Diane. "Basi isishuke ya mtu yeyote."

Wakacheza. Ngoma iliponyamaza, wageni walipiga makofi, makofi yakaisha, na mikono bado iko juu. Mtu mmoja akacheka. Baadaye hakuna aliyecheka. Mabega ya Diane yaliwaka moto.

Mzee Kadiri, mchinjaji anayeiuzia hoteli nyama, aliuliza kutoka mezani kwake, "Mabinti, kuna nini?"

"Tunasifu ng'ombe, muzee," Diane alijibu bila kushusha mikono. "Tuliahidiwa meza. Tumepewa mifupa ya sahani zenu."

Kadiri aliweka uma chini. "Théoneste, hii ng'ombe nilichinja mi mwenyewe. Sikuichinja ili batoto bakule yenye tumetema."

Akageuza kibao chake, kikawa chekundu. Meza ya jirani ikageuza. Na nyingine, na nyingine, mpaka wahudumu wakabaki wamesimama, vyuma vinadondosha mafuta sakafuni, hawana pa kwenda.

Théoneste aliwavutia wasichana viti kwa mikono yake mwenyewe. "Ni makosa ya jiko," alinung'unika.

"Jiko halina mdomo wa kuahidi," Mukamurenzi alimjibu.

Diane alikaa, akageuza kibao kikawa kijani, akala polepole, mgongo umenyooka.

Njiani kurudi nyumbani, Mwalimu aliwaambia, "Leo hamkuhurumiwa. Mmekula jasho lenu. Yule bwana msimchukie, ila msimsahau. Mtu akikuahidi meza, usipokee beseni, hata kama una njaa. Hasa kama una njaa."