Mshono wa Puani

Asubuhi ya kupiga kura, uji wa Kapteni Pellowe ulinuka lami na maji ya chumvi. Hezekia Crouch, mtumishi wake, aliyekuwa mshona matanga katika manowari yake, aliunusa, akauandaa hivyo hivyo. Nani atamwambia bwana wake uji unanuka maiti?

Kisha akaisikia: sindano ikitoboa turubai, uzi ukivutwa. Kwii. Kwii. Ndani ya ukuta.

"Bwana, husikii?" alinong'ona.

"Nasikia watu wanataka bia! Leo naingia Bungeni, Crouch, nawe umenuna kama mama mkwe."

Sauti ile Hezekia aliijua. Baharia akifa hushonewa ndani ya kitanda chake cha turubai, na mshono wa mwisho hupitishwa puani. Kama yu hai, atapiga kelele. Siku walipowakimbia Wafaransa, Luteni Rudge aliangukiwa na boriti. Ni Rudge tu aliyemsikia Kapteni akitoa amri ya kukimbia. "Pua iache," Kapteni alimwambia Hezekia alipokuwa akimshona. "Nimempima mwenyewe. Kafa." Hezekia akaamini. Baadaye akapewa kibanda chenye jiko, maana mjini mwao mwenye jiko ndiye mwenye kura.

Jukwaani sokoni, kila mtu alimtaja mgombea wake kwa sauti. Karani alipoita, "Hezekia Crouch!" baridi ikamwingia sikioni, na ndani ya baridi ile mkawa na pumzi, na ndani ya pumzi maneno, yaliyolowa, ya mtu anayezungumza huku turubai limemganda mdomoni: "Fundi, nilihesabu kila mshono."

Akamgeukia Kapteni. "Bwana... ulijua yu hai?"

Kapteni hakuacha kuutabasamia umati. "Sindano alishika nani? Nitaje, ushuke."

Baada ya miaka kumi na minne ya utii, Hezekia akamgeukia karani.

"Namtaja Luteni Rudge!"

Umati ukaangua kicheko. "Mzee, hapa wafu hupiga kura tu, hawagombei!"

Kapteni akafumbua mdomo kumkana mtumishi wake. Kwii. Ncha ya sindano ikatokeza puani mwake, uzi wenye lami ukifuata, na fundo lilikuwa la mkono wa Hezekia.

Kapteni akapiga kelele. Yu hai, basi. Uzi haukuacha kuvutwa.

Ndipo Hezekia akanusa lami, karibu mno, chini ya pua yake mwenyewe.