Kicheko cha Eufrasia

Mashine tisa za kukoboa mpunga zikinguruma kwa pamoja, mtu hasikii hata dhamiri yake. Ndivyo ilivyokuwa Kagongwa asubuhi ile, Eufrasia alipoingia sokoni amevaa blauzi nyeupe. Nyeupe! Kagongwa! Watu wa redio wana ujasiri ambao sisi wengine tulinyimwa.

Alikuwa ametoka Kahama kurekodi kipindi cha wakulima: kinasa sauti mkononi, sketi ya kitenge cha njano na kijani, rasta amezifunga juu kama taji. Hajapiga hatua tatu, kuli mmoja akampita na gunia begani, akammwagia pumba toka utosini hadi viatuni.

"Wee kaka! Macho umeyapangisha?"

Kuli akatua gunia. Vumbi la pumba lilikuwa limemfunika mwili mzima, hata kope. "Mwadila, dada," akamsalimu, kwa Kisukuma kilichonyooka.

"Mwadila yako wapelekee Wasukuma wenzako. Mimi Msumbwa wa Ushirombo. Blauzi yangu je?"

"Blauzi umeileta mwenyewe. Pumba umeikuta."

Akajifuta uso kwa shati. Ikatokea pua ndefu, zikatokea nywele za singa.

"Kumbe Mhindi!"

"Kumbe Msumbwa!" akajibu yule kijana, amejishika kifua kwa mshangao uleule.

Eufrasia akacheka. Na kicheko chake, msomaji, si cha kusimulia kwa haraka. Kilianza chini kooni, kikapanda ngazi, kikamalizikia juu kama birika linalochemka. Makuli wawili walisahau magunia begani.

"Naitwa Nizar," kijana akasema. "Mashine ni ya baba, kuli wetu anaumwa. Rudia kucheka, nitakununulia blauzi nyingine."

"Nunua kwanza, ndipo niangalie kama inachekesha."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Miaka miwili ikapita wakiitana "Pumba" na "Redio", simu za asubuhi, simu za mchana, simu za "nilikuwa nataka tu kusikia unavyopumua". Nizar alizaliwa Shinyanga, babu yake alizaliwa Shinyanga, na wanawake wa mashineni walishampa jina la Kisukuma, Jilala. Lakini kwao Nyahanga, mjini Kahama, nyuma ya duka la jumla la baba yake, Mzee Sadru, kulikuwa na mlango wa kushushia magunia. Eufrasia alipokwenda kumwona mpenzi wake, aliingilia huo.

"Subiri kidogo, Redio wangu," Nizar alikuwa akimwambia. "Nitaongea na mzee."

Eufrasia akasubiri. Magunia nayo yalikuwa yakisubiri palepale.

*

Ukafika uchaguzi wa mwenyekiti wa umoja wa wakulima na wenye mashine. Wagombea wawili: Nizar, na Boaz, aliyetajirika kwa dhahabu ya Rwamgasa kisha akaja kununua mashine nne Kagongwa. Siku ya mdahalo Boaz alivaa suti ya buluu inayong'aa kama bati jipya na mkufu uliotosha kufungia ng'ombe. Redio ilirusha mdahalo moja kwa moja. Mwendeshaji, mwenye maiki, alikuwa Eufrasia. Mapenzi yao pale uwanjani hakuna aliyeyajua.

Nizar alizungumza kwanza. "Wazee wangu, shikamooni. Nitasema kuhusu lumbesa." Wakulima wakasogea karibu. Mkulima gani hajaumizwa na lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba hadi linafanana na mama mjamzito, halafu unalipwa kama gunia moja? "Mashine ya baba yangu ilipokea lumbesa. Nilikuwepo, niliona, nikashona kwa mkono wangu. Kosa ni langu. Mkinichagua, lumbesa haiingii Kagongwa. Sasa ndugu Boaz aseme: yeye ataikataa?"

Swali lilikuwa zuri, jepesi, la ndiyo au hapana. Boaz alilichukua, akaliangalia, akalitupa.

"Jamani!" akanguruma. "Huyu akishinda, ofisi inahamia Bombei! Wakulima mtalipwa kwa bajia! Kiongozi ni mtu wetu, mwenye rangi ya udongo, siyo mwenye rangi ya chai ya maziwa!"

Uwanja ukalipuka. Watu walipigana makofi mgongoni. Na katikati ya vicheko vyote, kupitia spika nne kubwa, kupitia mnara wa redio, hadi Ushirombo, hadi Geita, kikapaa kicheko kimoja kilichoanza chini, kikapanda ngazi, kikaishia kama birika.

Nizar akageuka. Hakumtazama Boaz. Alimtazama Eufrasia, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mkono, amechelewa.

Lile swali la lumbesa halikuulizwa tena.

*

Simu ililia jioni ileile.

"Pumba wangu..."

"Usiniite."

"Ulikuwa utani tu, Nizar. Kila mtu alicheka."

"Kila mtu hakuwa na maiki! Wewe ndiye uliyewekwa pale usimamie haki. Mtu ameulizwa swali akajibu kwa matusi, na mwamuzi akashangilia goli!"

"Kilinitoka tu..."

"Na usiniambie utani. Utani naujua. Mama yangu alipokufa, Mbuke mpepeta mchele alikuja toka mashineni kwa miguu. Alichota maji siku tatu. Siku ya kuzika akajilaza mlangoni, akasema mama hatoki mpaka alipwe chake, na baba yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mbuke akiniita Mhindi mla bajia, naitika! Amelipia. Boaz alichota ndoo ngapi? Wewe ulichota ngapi?"

Eufrasia akajibu, na sauti haikuwa ile ya redioni.

"Sikuchota hata moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulinipigia ukaniambia nisije. 'Ndugu watakuwepo.' Nililia msiba wa mama mkwe chumbani kwangu, peke yangu! Na lile neno analoniita baba yako, lile la lugha yenu, unadhani sijui maana yake? Nililiuliza, nikaambiwa. Aliniita hivyo ukiwa umesimama pale na daftari la mpunga. Ukafanya nini?"

"Nilikuwa..." Nizar akaanza.

"Ehe. Mimi nimecheka mara moja. Wewe umenyamaza miaka miwili. Chai ya maziwa wewe! Usiku mwema."

Akakata. Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna ugomvi mbaya kama huo. Siku tatu simu hazikulia. Eufrasia alisoma taarifa za habari kwa hasira kiasi kwamba hata utabiri wa mvua ulisikika kama karipio.

*

Ijumaa asubuhi, kipindi kikiwa hewani, meneja wake, Anisia, alimwonya kupitia kioo cha studio kwa vidole: usiguse uchaguzi. Eufrasia akasogeza maiki.

"Wasikilizaji, Jumanne kulisikika kicheko. Kilikuwa changu. Mgombea alitukanwa rangi yake, na mimi niliyepaswa kusema 'hapana' nikacheka. Sitasema kila mtu alicheka. Kila mtu halipwi kuendesha mdahalo. Namwomba radhi Nizar, na nawaomba radhi wakulima, maana swali lenu lilifia kwenye kicheko changu. Nalirudisha. Ndugu Boaz, lumbesa: ndiyo au hapana? Simu iko wazi."

Boaz alipiga kabla ya tangazo la sabuni. "Wewe binti, umehongwa na Mhindi!"

"Ndiyo au hapana, ndugu Boaz?"

"Mimi nimechimba Rwamgasa, nimelala duarani mita hamsini chini ya ardhi..."

"Huko chini neno 'hapana' mliliitaje? Ndiyo au hapana?"

Boaz akakata. Anisia alikuwa ameshika kichwa. Simu ya pili ikaingia.

"Nani mwenzetu?"

"Nizar, wa Kagongwa."

Eufrasia akameza mate. Kahama nzima ilimsikia akimeza.

"Samahani nimeipokea," Nizar akasema. "Lakini na mimi nina langu. Wiki hii nimezunguka nikilalamika kutukanwa rangi. Kumbe nyumbani kwetu kuna mtu anatukanwa rangi miaka miwili, nami nahesabu magunia. Mtu ninayempenda. Nilimpitisha mlango wa mizigo. Eufrasia, mbele ya watu wote hawa nataka kukuuliza..."

"Ishia hapo!" Eufrasia akawaka. "Hii ni redio, siyo ukumbi wa harusi. Unaniambia mimi, kwani mimi sijui nilivyokosewa? Aliyenitukana ana uso. Kamwambie akikutazama. Tunakwenda kwenye muziki."

Akaweka muziki. Akalia dakika tatu na sekunde arobaini, urefu kamili wa wimbo.

*

Jumamosi Boaz alishinda. Usinitolee macho, mimi msimulizi tu. Alishinda kwa kura kumi na moja, akabebwa juujuu, na lumbesa ikapakiwa siku hiyohiyo, imevimba kuliko jana.

Saa tisa pikapu ya Nizar ikasimama mbele ya kituo cha redio. Macho yamemwiva.

"Nimeshindwa."

"Nimesikia. Mimi ndiye niliyetangaza."

"Kura kumi na moja, Eufrasia! Watu haohao wenye mpunga wao! Wamechagua mtu anayewaibia kwa sababu anafanana nao."

"Na wewe usijipake mafuta. Lumbesa ulishona miaka mingapi kabla hujaokoka? Jipange kwa uchaguzi ujao. Sasa umekuja kunilalamikia au kuna jingine?"

"Panda gari."

"Wapi?"

"Kwetu. Mlango wa mbele."

Dukani Nyahanga wateja walikuwa sita. Mzee Sadru alikuwa nyuma ya kaunta, kofia kichwani, anapima sukari. Redio ndogo ilikuwa karibu na mzani, kwa hiyo alikuwa amesikia kila kitu, na duka zima lilijua amesikia.

"Shikamoo, mzee," Eufrasia akasema.

Mzee akaendelea kupima.

"Baba," Nizar akasema, kwa Kiswahili, ili wateja nao waelewe. "Umesalimiwa. Huyu ni Eufrasia. Si karani wala mleta magunia. Nataka kumwoa. Lile neno unalomwita kwa lugha yetu, leo mwite kwa Kiswahili, usoni. Kama huwezi, basi usiliseme tena. Mimi nililisikia nikanyamaza, na hilo kosa si lako, ni langu. Leo ndiyo mwisho wake."

Sukari ilifurika kwenye mzani. Mteja mmoja akajifanya anasoma kibandiko cha mkebe wa maharage.

"Unanivunjia heshima dukani kwangu," mzee akasema polepole.

"Niliivunja ya kwake uani, baba. Hakuna aliyekuwepo kuona."

Eufrasia akasogea kaunta. "Mzee, sijaja kuomba ndoa. Nimekuja kukupa pole ya msiba wa mama. Nimechelewa sana, nilizuiwa. Pole sana."

Mzee Sadru aliinua kichwa. Akaanza kurudisha sukari kwenye gunia, chota moja, chota mbili.

"Marahaba," hatimaye akasema. Kisha, kwa shida ya mtu anayebeba mzigo asiouzoea: "Eufrasia."

Duka zima likapumua.

"Kesho tunakula saa saba," mzee akaendelea, macho kwenye mzani. "Mlango wa mbele unafunguliwa kwa kusukuma. Unakwama."

"Nitausukuma," Eufrasia akasema.

Walipotoka, Nizar akamshika mkono barabarani, juani, watu wakiangalia. "Sasa nichekee kidogo, Redio. Hata nusu."

"Sicheki. Bado nimekasirika."

"Na mimi."

"Na Boaz bado hajajibu swali. Jumatatu nalirudia hewani. Na Jumanne. Mpaka Anisia anifukuze."

"Na lile langu, ulilolikata redioni?"

"Uliza."

"Utanioa, eh, utaolewa na..."

Hakumaliza. Kilikuwa kimeanza chini kooni, kinapanda ngazi, na mwenyewe hakukizuia. Safari hii hakukuwa na maiki, lakini ndani ya duka mzee alipunguza sauti ya redio, asikilize.