Kitufe cha "Nimemwona"

Mwanamke wa kwanza kunitambua hakunitazama usoni. Alisoma leso yangu.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya kwenda Shelly Beach, Likoni, asubuhi ya jua kali. Mgongoni nimembeba Munga, mtoto wa dada yangu, miezi sita. Mkononi nina kikapu cha nepi na chupa ya maji. Mama mmoja aliyekuwa akinunua mahamri alinipita, akasita, akarudi. Akasoma maandishi ya leso polepole, neno kwa neno.

"Mgeni njoo... mwenyeji apone."

Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Wallahi ndiye huyu."

Nikadhani amenifananisha na mtu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Ndugu zangu mnaosoma, huku kwetu pwani mtu mzima akiacha shikamoo yako hewani, jua pana jambo kubwa.

"Huyo mtoto wa nani?"

"Wa dada yangu."

"Dada yako nani?"

"Faith. Anafua nguo pale hotelini."

"Na wewe unampeleka wapi?"

"Kliniki, mama. Chanjo."

Yote yalikuwa kweli. Lakini yule mwizi wa mtoto kwenye video iliyokuwa ikizunguka mtandaoni naye alijibu hivyohivyo, kwa upole, bila kubabaika. Nayajua majibu yake kwa sababu aliyeyasema ni mimi.

Mama akatoa simu. Akabonyeza kitu. Kile kitufe nilikijua rangi yake, ukubwa wake na mlio wake. Nilikitengeneza mwenyewe.

Ngoja niwaeleze kidogo, msije mkapotea njiani.

Naitwa Nyamvula, wa Mikindani. Nilikuwa natengeneza tovuti kwenye kampuni ndogo ya matangazo ya mtandaoni, hapo Changamwe, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro. Bosi wetu ni Maxwell. Ametoka bara, mdomo mtamu, mawazo hayamwishi. Wimbo wake ulikuwa mmoja kila tukipata mteja.

"Hakuna msee anaamka asubuhi akafungua tovuti ya kufuli. Mpe burudani kwanza. Akishanaswa, ndiyo unamwonyesha kufuli."

Na mteja wetu safari hii alikuwa wa kufuli kweli. Makufuli ya Bawabu.

Basi tukatunga kisa. Mwanamke mwenye kikapu anabisha hodi mchana, watu wakiwa usingizini. Anaamkia vizuri, anakaribishwa maji, anasema yeye ni shangazi wa upande wa baba. Akiondoka, mtoto hayupo. Tuliirekodi video yake ikafanana na ile ya kamera za mlangoni, yenye ukungu ukungu. Nembo ya Bawabu haikuwekwa. Ingetokea Jumamosi, watu wakishachemka.

Mwigizaji wetu aliugua siku ya kurekodi, nikaombwa mimi nisimame badala yake. Nikavaa leso niliyokuwa nayo, ya marehemu mama. Sikuliona kosa lolote hapo.

Sasa, kitufe. Mchezo ulikuwa hivi: mabango yenye picha yangu yabandikwe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Likoni, Kisauni, Changamwe. Ukiliona bango, unabonyeza "Nimemwona", doa jekundu linatokea kwenye ramani, unapunguziwa bei ya kufuli. Chini ya kitufe niliandika kwa mkono wangu: Tafuta bango lake dukani.

Mchezo wa watu wazima kujifurahisha. Ndivyo nilivyoamini.

Turudi barabarani.

Wa pili alikuwa kijana wa bodaboda. Akazima pikipiki, akatazama simu yake, akanitazama, akatazama simu tena.

"Ni yeye. Kikapu ndicho hicho."

Wa tatu, wa nne... sikuweza kuhesabu. Walitoka vichochoroni, kila mmoja na simu mkononi. Simu zikawa zinalia kile kimlio changu, ting, ting, ting. Niliuchagua mlio huo kwa sababu niliuona unachangamsha.

"Mfungue huyo mtoto."

"Jamani, ni mtoto wa dada yangu. Mpigieni simu."

"Hata kwenye video alisema mpigieni simu."

Mtu akanivuta kikapu. Nepi zikamwagika vumbini. Munga akaamka, akaanza kulia, na kilio chake kikawa ushahidi.

"Mnamsikia? Hamjui huyo."

Nyuma huko, sauti ya mwanamume, tulivu kabisa, ikasema neno moja. Tairi.

Niliogopa. Sitawadanganya kwamba nilijikaza. Mkojo ulinitoka kidogo, na mikono yote miwili niliirudisha nyuma nikamshika Munga, maana niliwaza kwamba wakiniangusha nitamwangukia.

Aliyeniokoa kwanza ni muuza mahamri, jina lake Mwanarusi. Mwanamke mfupi, mikono imejaa unga. Alinishika kwapa akanivutia ndani ya kibanda chake cha mabati, akafunga mlango, akabaki mbele ya wavu wa dirisha akiwatazama.

"Hamtamgusa mtu kwenye mafuta yangu ya moto. Kwanza tujue, kisha ndiyo tuseme."

Kisha akanigeukia. Macho yake hayakuwa na huruma, nayo pia niliyaogopa.

"Sema kweli, mwanangu. Ni wewe kwenye ile video?"

"Ni mimi. Lakini ni mchezo, bibi. Tangazo la kufuli."

"Tangazo gani lisilotaja kinachouzwa?"

Hapo nikakumbuka mabango. Uso wangu nadhani uliwaka.

"Waambieni waende duka la vifaa, lile la jirani. Picha yangu imebandikwa hapo. Imeandikwa kabisa kwamba ni mchezo."

Duka lilikuwa la mzee mmoja wanayemwita Babu, milango miwili kutoka hapo. Kijana wa bodaboda akakimbia. Umati ukamsubiri. Nilimwomba Mungu wa mama yangu kwa Kiduruma, lugha niliyokuwa sijaombea tangu utotoni.

Babu akaja mwenyewe, miwani imening'inia kifuani.

"Picha gani? Kwangu hakuna picha. Hakuna mtu aliyeleta."

"Tazama vizuri, Babu. Pengine mlangoni..."

"Mwanangu, mlango wangu naujua."

Mawe mawili yakagonga bati. Mwanarusi akainama.

Nikafungua simu. Nikaingia kwenye tovuti yetu. Sentensi yangu, Tafuta bango lake dukani, haikuwapo. Imefutwa. Mahali pake paliandikwa: Yuko kati yenu. Na kwenye ramani, Likoni yote ilikuwa imeiva wekundu, madoa yamerundikana mahali pamoja, barabara ya Shelly Beach.

Nikampigia Maxwell.

"Nyamvula! Umeona namba? Hii kitu imewaka, manze."

"Maxwell, wamenizingira. Nina mtoto. Weka nembo. Sasa hivi."

"Tulia kwanza. Uko wapi?"

"Unajua niko wapi. Nilikuomba ruhusa jana."

Nikakumbuka, ndugu zangu. Asubuhi ile alinipigia akaniuliza, "Unaenda na ile leso nzuri?" Nikacheka, nikamwambia ndiyo, ndiyo ninayombebea mtoto. Nilidhani ananipenda kama dada.

"Maxwell. Mabango yako wapi?"

"Si unajua karatasi haishtui mtu siku hizi..."

"Yako wapi?"

"Hatukuchapisha." Akashusha pumzi. "Nyamvula, wewe ndiye bango."

Sauti zote zikawa mbali. Nilimwona Mwanarusi akisema kitu, sikumsikia. Nikatazama nje kupitia wavu, na nyuma ya pikipiki nikamwona mtu amesimama bila kupiga kelele, simu ameinua juu ya vichwa, mkono hautetemeki. Kai. Mpiga picha wetu wa ofisini. Tulikula naye biriani Ijumaa iliyopita.

"Kai!" niliita. "Waambie! Kai, waambie!"

Aliishusha simu. Tukatazamana. Nikadhani sasa atasema.

Akaiinua tena.

Hapo ndipo woga wangu ulipogeuka kuwa kitu kingine, sijui nikiite nini. Bosi alikuwa amesahau jambo moja. Tovuti ile niliijenga mimi, na funguo zake zilikuwa kwenye simu yangu.

Tulikuwa na video nyingine, ya vicheko, ya kuwekwa Jumamosi baada ya nembo. Ndani yake naonekana nikitoa "mtoto" kwenye kikapu, nakunjua taulo, na kumbe ni mkate mzima. Maxwell anatokea, anakata kipande, anakula, watu wote wanaangua kicheko. Nikaichukua nikaiweka juu kabisa ya ukurasa. Vidole vilikuwa na jasho, nikakosea mara nyingi. Mtandao ukawa unajikongoja. Bati likagongwa tena, safari hii karibu na kichwa changu, na Munga akakatiza kilio kwa mshtuko.

Ikaingia.

"Bibi, waambie wafungue upya."

Mwanarusi akabandika simu yangu kwenye wavu, sauti juu kabisa.

"Fungueni upya hizo simu zenu, nyie mnaojua kusoma leso. Tazameni."

Mmoja akafungua. Wa pili. Kicheko chetu cha ofisini kikaanza kutoka kwenye simu moja, kikaingia nyingine, kikatapakaa kati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyecheka. Ni kitu cha ajabu kusikia unavyocheka, huku unasubiri kuuawa.

Simu yangu ikaita. Maxwell.

"Toa hiyo kitu! Mteja atatuua!"

"Na mimi hapa nauawa na nani?"

Nikakata. Hazikupita dakika, video ikatoweka. Ameitoa. Ule ukungu ukarudi, na mimi na kikapu changu.

"Imepotea," mtu akasema. "Si mnaona? Uongo huo."

Wakaanza kusogea tena. Ndipo Babu akavaa miwani yake, akaenda kusimama mlangoni pa kibanda.

"Haijapotea machoni pangu. Mimi nimemwona yule mwanamume akila mkate. Nani mwingine ameuona mkate?"

"Nimeuona," akasema kijana wa bodaboda, kichwa chini.

"Na mimi," akasema yule mama wa kwanza.

Faith akafika akikimbia, aproni ya hoteli kifuani, kiatu kimoja hana. Kuna mtu alikuwa amemtumia picha yangu na kumwambia mwanawe ameibwa. Hakuuliza mtu. Aliingia, akamfungua Munga mgongoni kwangu, akaketi juu ya gunia la unga, akampa ziwa mbele ya watu wote. Mtoto akanyamaza papo hapo. Umati ukaanza kuyeyuka, kila mmoja akijifanya ana haraka.

Nilipomtafuta Kai, hakuwapo.

Mwanarusi akanipa leso yake nijifunge, maana yangu ilikuwa imelowa. Mahamri alinifungia kwenye gazeti. Sikuweza kumeza hata moja, lakini niliyapokea.

Kazi niliiacha siku hiyohiyo. Jumamosi nembo ikatoka kama ilivyopangwa, na mnajua kilichotokea? Hakuna aliyekasirika. Watu waliandika "mmetuweza" na vicheko vingi. Video ya Kai, mimi nikilia nyuma ya wavu, ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Babu aliniambia kwa simu kwamba Bawabu zimemwishia dukani. Anaagiza nyingine, na anaona haya kuniambia.

Mngeniuliza, ningesema kwamba hapo ndipo palipokuwa mwisho wa maumivu. Sivyo.

Wiki iliyofuata nilimpigia Faith. Munga alikuwa bado hajachanjwa.

"Nitapita Jumanne nimpeleke," nikasema.

"Nitampeleka mwenyewe."

"Si uko kazini?"

"Nitaomba ruhusa."

Nikaenda hata hivyo, kumsalimu tu. Nikabisha hodi mchana, sina kikapu, sina leso. Nikasikia hatua zake zikija, zikasimama. Kisha nikasikia chuma kikizungushwa kwa ndani, mara moja, mara mbili. Mlango ukafunguka kidogo, kiasi cha jicho. Kando ya mkono wake lilining'inia kufuli jipya, jekundu. Bawabu.

"Faith, ni mimi."

"Najua ni wewe, dada." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Najua kabisa. Ni mkate, nimeuona. Lakini nikifumba macho usiku naiona ile nyingine. Nipe muda."

Sikumlaumu. Nilikaa kizingitini, yeye ndani na mimi nje, tukaongea habari za marehemu mama mpaka jua likashuka. Munga nilimsikia tu akicheza.

Wenzangu mlioko huku mtandaoni, maji yakimwagika hayazoleki. Video unaweza kuifuta, ila mtu aliyekwisha kuiona huwezi kumfuta alichokiona, hata akiwa dada yako wa damu. Kesho ukiletewa sura ya mtu na kitufe chini yake, jiulize kwanza aliyeiweka pale anauza nini. Na kama huoni anachouza, usibonyeze.